Usingizi Nyuma ya Marobota

Kiwandani kwetu tunashona sare za shule. Chumba cha wanaonyonyesha tuliahidiwa na meneja aliyetangulia, mbele yetu sote, akiwa na kipaza sauti mkononi. Wengine wamesahau; mimi sijasahau. Chumba kilijengwa, kikapakwa rangi, kikawa stoo ya vipuri. Basi tukajipangia wenyewe: mwenye mtoto mchanga anajiegesha kidogo nyuma ya marobota ya vitambaa, jirani yake anashona kazi ya wawili.

Siku hiyo aliyelala ni Mama Pacha. Binti anayeshona vifungo, kwa kuwa ni siku yake ya kuzaliwa, akajirekodi akicheza na kofia ya karatasi, akairusha video hiyo mtandaoni. Nyuma ya kofia, Mama Pacha huyo: mdomo wazi, blauzi imelowa maziwa.

"Dada, nilijiangalia mimi tu," aliniambia, machozi yakimlenga. "Lakini nimeshaifuta."

"Umeifuta kwako. Kwa msimamizi ipo."

Mama Pacha aliitwa ofisini, akatoka na mkasi wake kwenye mfuko wa plastiki. Kazi hana. Nikamfuata hadi getini, miguu yangu imevimba kwa kusimama.

"Mwenzangu, tuirudishe mtandaoni video ileile. Watu wakuone, waulize chumba kiko wapi. Bila sura yako nani atajali?"

"Wameshaniona. Shemeji zangu wanatumiana. Mama mkwe kanipigia kuniuliza kifua kile ni cha nani."

"Hii vita ni yetu sote."

"Basi pigana kwa sura yako. Unayo, tena pana."

Tulicheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Kisha akanishika mkono. "Habari za chumba ziseme upendavyo. Mimi usinionyeshe tena, niache nilivyo nyumbani kwangu."

Kesho yake, saa ya mapumziko, nilisimama mbele ya mlango wa stoo, binti wa vifungo akashika simu. Nikasema yote: ahadi, rangi, vipuri, na mama aliyefukuzwa kwa usingizi. Nikaomba niione video kabla haijaenda popote.

"Umesema vizuri, Dada. Niirushe?"

Pembeni ya picha, nyuma ya marobota, kilionekana kiwiko cha mama mwingine aliyejiegesha, na bangili ambayo kila mtu humu ndani anaijua.

"Futa. Tunaanza upya."

"Sauti yenyewe imekukauka."

"Itatoka hivyohivyo," nikamwambia, nikajivuta karibu na mlango.