Msitu Uliofagiwa

Asubuhi hiyo Margareta alifagia msitu. Alianzia ukingoni, akasonga na fagio lake la chelewa hadi chini ya mivule, akakusanya majani makavu na kuyatia moto. Pale kijijini Mchombe mgeni hakuti uwanja mchafu, na mgeni wa leo alikuwa anakuja msituni.

Kipande hicho cha msitu waliachiwa na marehemu baba yao, yeye na mdogo wake Fridolin. Fridolin alitaka kukifyeka alime mpunga. Margareta hakutaka hata kusikia. Baada ya kununiana vya kutosha walikubaliana kumsubiri Careen, mtaalamu wa udongo kutoka Ifakara, aulinganishe udongo wa hapo na wa shamba la jirani, ambalo nalo lilikuwa msitu enzi za utoto wao, ndipo waamue.

Careen alishuka kwenye bodaboda, akatoa shikamoo, kisha akabaki anatazama chini.

"Mama, majani yako wapi?"

"Nimeyachoma, mwanangu. Ningekukaribishaje kwenye uchafu?"

"Huo uchafu ndio nilioufuata," Careen alisema kwa upole. "Majani yakioza, kaboni yake huingia ardhini. Ndiyo inayoufanya udongo uwe mweusi na ushike maji."

Margareta aliyageukia majivu. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu: huenda ameupoteza msitu kwa fagio lake mwenyewe. Fridolin hakumwonea huruma.

"Umenirahisishia kazi, dada. Imebaki kukata miti tu."

Careen alicheka. Fagio limechukua cha juu, alisema. Kilichoko chini ni kazi ya miaka mingi. Akachimba. Udongo ulitoka mweusi, laini, umejaa nyungunyungu.

Kwa jirani, ambako mabua huchomwa kila kiangazi, ulitoka wa kijivu, ukapukutika vidoleni. Fridolin alichukua koleo, akachimba mwenyewe, kisha akachimba tena pembeni.

"Unatafuta nini?" Margareta aliuliza.

"Nyungunyungu. Si tulikuwa tunachimba chambo hapahapa, mimi na wewe, kabla ya kwenda mtoni?"

Margareta alikumbuka, akatabasamu. Alikuwa amesahau kabisa kwamba udongo ule uliwahi kuwa mweusi.

Walirudi msituni bila haraka, Careen akiwa mbele na mifuko yake ya udongo. Upepo ulipita juu ya mivule, jani likadondoka kwenye ardhi iliyofagiwa. Margareta aliinama aliokote, kwa mazoea tu.

"Liache, dada," Fridolin alisema.