Klachi za Mzee Gia

Klachi ya kwanza ilipoungua niliulaumu mlima. Ya pili nikalaumu spea. Ya tatu ilipoungua nikamlaumu shemeji yangu, na kwa kuwa Mungu hakuninyima ulimi, nilimlaumia kwenye duka lake la spea, mbele ya wateja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," nilimwambia. "Unamuuzia baba mkweo takataka."

Shemeji ni mpole kupita kiasi, na siku ile upole wake ulizidi kunipandisha hasira. Alifuta mikono akasema, "Shemeji, boksi la ile klachi ulilifungua mwenyewe. Ulisema ni nzuri."

Ni kweli nilisema. Lakini pleti ya klachi ilikuwa imeungua, na lazima awepo wa kubeba lawama. Tangu siku hiyo dada yangu, mke wa huyo shemeji, akaacha kupokea simu zangu.

Baba yetu watu wanamwita Mzee Gia. Ana gari la dizeli linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kazi yake ni kuwapandisha mafundi wa simu hadi kwenye mnara ulio kileleni. Njia yenyewe ni mawe matupu na makorongo. Gari la kawaida linaishia kona ya kwanza, linageuza kwa aibu. Gari lile analipenda mno. Mama husema yeye ni mke mdogo tu, mke mkubwa analala nje chini ya turubai.

Mimi ndiye fundi wake. Gereji ni yangu, ila kuendesha nilifundishwa na yeye, na alikuwa na sheria moja iliyozishinda zote. "Mguu wa kushoto ni mgeni kwenye klachi," alikuwa akisema. "Akishabadilisha gia, aage aende zake." Ukiusahau mguu pale juu, unagongwa goti kwa mpini wa bisibisi. Ukilia, unaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Madereva wengi wa mji huu walipita mikononi mwake, na magoti yao yanakumbuka.

Ndiyo maana sikuona kilichokuwa mbele ya macho yangu. Nilipoishusha giaboksi, nilikuta pleti nyeusi, imelainika hadi inang'aa. Flaiwili, lile duara zito la chuma linalozunguka nyuma ya injini, ambalo klachi hulibana ili gari liende, lilikuwa na madoa ya buluu. Chuma hakigeuki buluu hivi hivi, kinapikwa. Angekuwa mteja mwingine ningemwambia kabla hajamaliza kunisalimia: bwana, wewe unaendesha huku umepumzisha mguu kwenye pedali, klachi haishiki wala haiachii, inasuguana tu hadi inaungua. Lakini huyu alikuwa Mzee Gia. Utamuulizaje mwalimu wa hesabu kama anajua kujumlisha?

Kwa hiyo nikahangaika na vyuma. Nilibadilisha pampu ya klachi. Nilibadilisha sili, nikidhani oili inavuja inaingia kwenye pleti. Flaiwili niliipeleka kuchongwa, ikarudi safi, ikapikwa tena, nikafunga mpya. Baba alikuwa akisimama pembeni, mikono mgongoni, akitikisa kichwa. "Siku hizi hata chuma kimejifunza uongo," alisema, nami nikamwitikia.

Mama alijaribu kuniambia kitu. Alisema kandambili zinamtoka baba ukumbini naye anaendelea kutembea, hajui kama moja imebaki nyuma. Nilicheka. Nikasema ni uzee, mwache mzee wa watu.

Nilipofunga klachi ya nne nikamwambia baba, "Leo napanda na wewe." Alifurahi. Alidhani nimekuja kustarehe.

Tulipakia betri za mnara, tukaondoka asubuhi. Barabara ya lami haikuwa na neno. Mlima ulipoanza, injini ikapandisha sauti, ikalia kama inayokimbia, na gari likabaki kutambaa. Kisha harufu ikaingia, ile harufu kali ya klachi inayoungua ambayo fundi akiisikia hata usingizini anaamka. Nikatazama chini. Mguu wa kushoto wa baba ulikuwa umelala juu ya pedali.

"Baba, toa mguu kwenye klachi."

"Nimeshautoa."

"Bado upo, baba."

"Unanifundisha mimi?" Macho yake hayakuondoka barabarani. "Nimesema nimeutoa. Uko sakafuni."

Hakuwa anadanganya. Namjua baba yangu akidanganya, anakohoa kwanza. Nikainama, nikamshika kifundo cha mguu, nikaunyanyua na kuuweka sakafuni. Ulikuwa mzito na wa baridi. Papo hapo injini ikatulia, klachi ikashika, gari likaanza kupanda mawe bila shida.

"Unaona sasa?" alisema, akitabasamu. "Gari halina tatizo. Leo umefunga vizuri."

Mkono wangu ulikuwa bado umemshika mguu.

Nilimwomba asimamishe gari. Alipoona uso wangu hakubisha. Nilivuta breki ya mkono, nikazunguka upande wake, nikamvua kiatu. Soksi ilikuwa imegandia. Ndani ya kiatu mlikuwa na nati, nati ya namba kumi, na katika wayo wake mlikuwa na kidonda cha ukubwa uleule, chenye kina, cheusi pembezoni. Sijui aliikanyaga kwa muda gani. Harufu ya kidonda nilikuwa nimeisikia garini, nikadhani yote ni klachi.

Baba aliinama akaitazama nati kiganjani mwangu.

"Kumbe iko hapa," alisema. "Nimeitafuta sana hiyo."

Kisha akakiona kidonda. Alikitazama kama cha mtu mwingine. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na nikageuza gari kuteremka mimi mwenyewe, yeye akiwa kiti cha abiria, ambacho hakuwahi kukikalia katika gari lake.

Hospitali walisema ni sukari, na kwamba haikuanza jana. Imeua mishipa ya hisia mguuni. Daktari, dada mmoja mwenye sauti ya taratibu, alisema kidonda kimefika kwenye mfupa na huenda wakalazimika kukata. Nikamuuliza kama hakuna namna ya kuzirudisha zile hisia, hata kidogo. Akasema hakuna, dawa zinazuia tu mambo yasizidi. Mimi ambaye watu huniletea magari yaliyokufa yakivutwa kwa kamba, nilisimama pale mikono ikining'inia, sina cha kufungua wala cha kufunga.

Shemeji alikuja na dada yangu. Nilimwambia shemeji anisamehe. Akasema, "Tumwangalie mzee kwanza," akanisogezea kiti.

Baba yeye alikuwa na swali moja. "Wakikata, klachi nitakanyaga na nini?"

Mama alijifanya anakunja shuka.

Jioni daktari alisema atapima aone hisia zinaanzia wapi. Kosa letu lilikuwa kutomweleza baba vizuri. Yeye alielewa kwamba huo ni mtihani, kama ule wa leseni, na kwamba akifaulu ataachiwa mguu wake na gari lake. Aliomba anyolewe ndevu. Alilala chali, akanyoosha miguu, akafumba macho alivyoagizwa.

"Nikikugusa, sema," daktari alisema.

Alikuwa na kijiti chembamba chenye uzi mgumu nchani. Akamgusa kidole gumba. Kimya. Akamgusa wayo, kisha kisigino, kisha kifundo. Kimya. Jasho lilikuwa likimtoka baba kwenye paji la uso, jinsi anavyojitahidi kusikiliza. Daktari akanyanyua mkono, akageuka kuweka kijiti kwenye sinia.

"Nasikia," baba akasema.

Daktari akageuka. Hakuna mtu aliyekuwa amemgusa.

"Hapo," baba akasema tena, kwa haraka. "Kwenye kidole gumba. Na sasa hapo kwenye kisigino. Nasikia kabisa."

Shemeji akatazama dirishani. Daktari alinitazama mimi, mikono yake mitupu mbele ya watu wote. Baba, macho bado ameyafumba, alipapasa kitandani hadi akaupata mkono wangu, akaubana.

"Nimepatia?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Umepatia, baba," nikamwambia.