Jiwe la Kobilo

Mja mzito akitamani jiwe, ale la sokoni analolijua. Rael hakulijua lile.

Alikuwa na mimba ya miezi saba, akifanya usafi kwa madam mmoja Mzungu huko The Pearl, mjini Doha. Odowa, yale mawe laini ya kutafuna aliyotumiwa kutoka Eldoret, yalikuwa yameisha, na mate yalimjaa mdomoni kutwa. Siku hiyo alikuwa akipangusa kabati la mawe ya babu yake madam, Bwana Pellam, mtaalamu wa miamba wa zamani aliyezunguka Bonde la Kerio akiandika kitabu cha safari. Akaona kijiwe cheupe, kinanukia kama vumbi lililonyeshewa. Akakimega kwa meno. Kilikuwa na chumvi.

Kesho yake madam akakiona. "Rael, hiki kimeliwa na panya?"

"Panya wa ghorofa ya kumi na nane, madam?"

Madam hakucheka. Akafungua kitabu, akamsomea. Pellam alikuwa na mazoea ya kulamba kila jiwe ili rangi yake ionekane. Hilo jeupe alilitoa juu ya kaburi la Kobilo, mwanamke aliyekufa na mtoto wake tumboni. Wapagazi walikataa kulibeba. Tangu alipolilamba, aliandika, kila kambi alisikia mwanamke nje ya hema akiuliza: mwanangu yuko wapi?

Rael hakumwambia mtu kwamba alilimega, hata mumewe Kiprop. Ila kila alipopita karibu na kabati, mtoto tumboni alitulia tuli, kama anayesikiliza.

Akajifungua salama, binti. Siku ya kumpa jina, chumbani kwao mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, mama mkwe alikuwa kwenye simu kutoka Iten, akiita mmoja mmoja wafu wa ukoo. Ambaye mtoto angempigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Akaita kumi, akaita ishirini. Kiprop akamsogezea mtoto ugoro puani. Wapi.

"Huyu ni wa Doha, Mama. Anangoja umwite sheikh."

"Nyamaza wewe. Rael, kwenu hakuna nyanya niliyemsahau?"

Rael akabana midomo. Chumvi ile ikamrudia ulimini, na jina likamtoka lenyewe, kwa sauti ndogo.

"Kobilo."

Mtoto akapiga chafya.

"Haya, amekubali," mama mkwe akasema. "Kobilo ni nani?"

Rael alimpakata mtoto haraka, akampa titi. Mtoto akaligeuzia kisogo, akiangaza macho huku na huku kama anayetafuta mtu.