Wa Jirani Nao Umechanua?

Mplamu ulipotoa maua, mama mzee aliuliza kutoka kitandani kama alivyouliza miaka yote.

"Wetu umechanua?"

"Umechanua, mama. Mweupe pe."

"Na wa jirani?"

"Nao umechanua."

Hapo binti yake akainama haraka na kujifanya anaokota uzi sakafuni. Uzi wenyewe haukuwepo. Mti wa jirani haukuwepo pia. Ulikatwa mwaka juzi, na aliyesababisha ukatwe alikuwa yeye huyu aliyeinama, fundi cherehani maarufu ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Usafi, wengine kwa heshima na wengine kwa kumkejeli.

Jina hilo hakulipata bure. Alifagia ua kabla hata kuku hawajajinyoosha, akafagia na kipande cha barabara mbele ya nyumba, na ukipita hapo na karanga ulitia maganda mfukoni mwenyewe bila kuambiwa. Sasa mtu wa namna hiyo, umpe jirani mwenye mplamu uliotupa nusu ya matawi yake upande wa pili wa ukuta! Maua yakimwagika, yanamwagika kwake. Plamu zikiiva zaidi, zinapasukia kwake, na nzi wanakuja kama wamealikwa. Alivumilia, akanung'unika, akavumilia tena, mpaka siku alipoanika gauni la bibi harusi kwenye kamba na plamu moja mbivu ikaliangukia kifuani. Doa lile lilikataa sabuni, likakataa ndimu, likakataa hata maombi. Gauni likashonwa upya, na Mama Usafi akaenda ofisi ya mtaa akiwa amepandwa na mori.

Jirani alikuwa fundi saa, mjane, mtu wa maneno machache. Alipoitwa akaambiwa mti ukatwe, hakubishana. Alichukua msumeno wake akaukata mti mwenyewe. Alipomaliza alisogea ukutani, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi, akauliza jambo moja tu.

"Mama anajua?"

"Mama ni mgonjwa, fundi. Tafadhali usimsumbue na habari za miti."

"Sawa, jirani. Mimi simwambii."

Na kweli hakumwambia. Mama mzee alikuwa hainuki tena, na dirisha la chumba chake lilikuwa juu, nyuma ya bega lake, kwa hiyo hakuona kitu cha nje; alichoona ni ukuta wa chumba ulio mbele yake. Katika siku hizohizo aliomba ashonewe pazia zito. Mama Usafi alishona pazia zuri lenye pindo mbili, akalitundika, akashukuriwa, asiulize la nini. Alikuwa na kazi nyingi.

Mwaka uliofuata, maua yalipotoka, alikuta ndoo imening'inizwa juu ya ukuta wa mpaka, imejaa maji na matawi yenye maua ya plamu. Petali zake zilikuwa zinadondoka kwenye ua uliofagiwa muda huohuo. Damu ikamchemka. Mti umekatwa, na bado uchafu unamfuata! Alipanda kwenye kigoda, akaimwaga ndoo ile upande wa fundi, akapiga kelele majirani wote wasikie: "Ua wangu si jalala, fundi! Ukitaka kupamba, pamba kwako!"

Fundi alitoka, akaokota ndoo yake na matawi yaliyolowa, akarudi ndani.

Mwaka ule mplamu wa Mama Usafi haukuzaa hata tunda moja. Na halikuwa jambo dogo. Mama mzee alikuwa ameshaanza kukikimbia chakula. Kila kitu kwake kilikuwa kichungu au kizito, isipokuwa plamu, ambazo alizila taratibu huku akifumba macho, akitema kokwa kwenye kiganja. Alipouliza zitaiva lini, binti alimwambia mvua ya mawe iliangusha maua yote.

"Mawe gani hayo yasiyogonga bati?" mama aliuliza.

Binti akasema chai inapoa.

Ndiyo maana msimu huu Mama Usafi aliuhudumia mti ule kwa moyo wote. Alipogoa matawi makavu na yale yaliyosongamana katikati ili mwanga uingie. Aliweka samadi iliyooza vizuri, mbali kidogo na shina, akatandaza nyasi kavu juu yake udongo usikauke. Vidukari alivipangusa jani kwa jani kwa kitambaa cha maji ya sabuni, na walioona waliapa alikuwa akiuogesha mti. Mti ukanawiri, ukajaa maua mpaka ncha za matawi. Lakini mwaka jana pia ulijaa maua. Kila alipoutazama, wasiwasi ulimkaba, na mwishowe wasiwasi ukageuka shutuma, maana kumshuku jirani ni rahisi kuliko kujishuku.

Akatoka mbio hadi kibandani kwa fundi saa. Wateja walikuwepo, wawili watatu, wamekaa kwenye benchi.

"Fundi, niambie mbele ya watu hawa. Mti wangu uliumwagia nini mwaka jana?"

Fundi alikuwa amebana kioo kidogo jichoni, anatazama ndani ya saa. Alikitoa, akakiweka chini.

"Sikuumwagia kitu, jirani."

"Basi mbona haukuzaa? Mti mzima, maua tele, halafu patupu!"

"Hukuwahi kuuliza kwa nini mama yako alinunua miche miwili?"

Mama Usafi alikuwa akijua mmoja tu, ule wa kwao.

"Tulikwenda naye siku moja," fundi alisema. Hakupaza sauti. "Muuza miche alituambia mplamu wa aina hii peke yake hauzai. Unataka mwenzake wa aina nyingine karibu, ichanue pamoja, nyuki atoe chavua huku apeleke kule. Mama akasema, 'Basi huu panda kwako, huu napanda kwangu, tutazaliana.' Tulicheka sana siku hiyo."

"Na ile ndoo..." Sauti ilimtoka ndogo.

"Ile ndoo ilikuwa ya mama. Dada yangu ana mti wa aina kama wangu. Nilikata matawi yenye maua nikayaleta, nyuki wapate pa kuanzia. Nilijua mama hali kitu kingine."

Hakuna aliyecheka kwenye benchi. Wangecheka ingekuwa afadhali. Mama Usafi alitamani ardhi ipasuke immeze na cherehani yake. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, aibu ya mtu aliyemwaga chakula cha mama yake kwa mkono wake mwenyewe, tena juu ya kigoda, tena kwa kelele.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema ua wako si jalala," fundi alijibu, na hakukuwa na kisasi ndani yake. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nisamehe, fundi. Nielekeze kwa dada yako. Maua hayatangoja."

Alirudi kutoka kwa dada huyo kwa miguu, ndoo ya matawi kichwani, maji yakimchuruzika shingoni na petali zikidondoka nyuma yake barabara nzima, hata kwenye kipande alichokifagia asubuhi. Mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka barazani: "Mama Usafi! Leo unatuchafulia wewe?"

"Nachafua, shoga," alijibu bila kusimama. "Nimeanza zamani, sema hamkuniona."

Aliining'iniza ndoo palepale ukutani. Nyuki wa kwanza alipofika, alimwangalia akizama kwenye ua moja, akitoka, akiruka hadi kwenye mplamu wake. Kisha aliingia kwa mama, maana kazi ngumu ilikuwa bado.

"Wa jirani nao umechanua?" mama mzee aliuliza aliposikia hatua zake.

Safari hii hakuokota uzi. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Haupo, mama. Niliufanya ukatwe mwaka juzi. Na mawe hayakunyesha. Nilikudanganya."

Jua la jioni lilikuwa limefika dirishani, likapenya penye ufa wa pazia na kumlalia kwenye shavu.

"Tangu siku ile msumeno ulipolia," mama alisema, "jua la jioni linanipiga usoni. Zamani ule mti ulinikinga. Unadhani pazia nililiomba la nini?"

Binti alilitazama pazia, na pindo zake mbili alizozinyoosha kwa pasi kwa majivuno.

"Sasa, mama, kama ulijua, mbona kila mara uliniuliza?"

"Nilikuwa nakupa nafasi, mwanangu," mama alisema. "Haya, lisogeze hilo pazia, macho yananiuma."