Maji Matamu ya Mwamba

King'ora cha mgodi kililia, na Kupak hakuinuka. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, buti mguuni, kofia ngumu mapajani, kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini haondoki. Mkewe Siksik alikuwa akimimina chai. Mama yake, Ukaliq, alikuwa sakafuni akitafuna ngozi ya sili, mnyama wa baharini, ili ilainike ashone, na alipoona mwanawe hasogei, meno yake yakasimama.

"Hizo buti umezivaa uzitazame?" Siksik akauliza.

"Niache."

"Mimi nitakuacha. Nyumba nayo itatuacha wote."

Hakuwa anatania. Nyumba ilikuwa ya kampuni, na moto ulioipasha joto ni wa kampuni. Asiyeshuka shimoni halali humo. Wala hawakuwa na pa kurudi. Kule bara kwenye maziwa walikozaliwa, wakishukia pwani kiangazi tu kuwinda sili na nyangumi, kulungu walikuwa wameacha kupita, na bei ya ngozi za mbweha dukani ilianguka hata mtu akaona heri asitege. Katika njaa ile walimzika binti yao mdogo chini ya mawe, maana ardhi iliyoganda haichimbiki. Ndipo ndege ikaja kuwachukua, wakaambiwa pwani kuna kazi. Kazi waliikuta kweli: ardhi ileile isiyochimbika, wageni walikuwa wanaichimba.

Kupak alikuwa mtoboaji hodari wa mwamba. Lakini wiki iliyopita jiwe lilichomoka juu, likamponda mwenzake mguu, na tangu hapo kila king'ora kikilia miguu yake inakataa. Nyapara alimwambia: Jumatatu usipokuja, nafasi yako naipa mwingine.

"Unaogopa jiwe?" mama yake akamuuliza taratibu.

Kupak akaigeuza kofia mapajani. "Si jiwe, mama. Kule chini naona kama nimesimama ndani ya mnyama niliyemuua mwenyewe. Na bado ananitazama."

Ukaliq akaiweka ngozi chini. "Basi nipeleke nikamwone."

"Mama!"

"Nimeona nyangumi akipasuliwa, nitashindwa na shimo?"

Jumapili mashine zilinyamaza, wakaenda wote wawili. Nyapara alikuwa mlangoni mwa mgodi, mgeni mwenye ndevu nyekundu zinazoshika barafu, na kwa hiyo mji mzima ulimwita Ndevu. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema maneno mengi.

"Anasema mwanamke hashuki," Kupak akatafsiri. "Kwao, toka enzi za babu yake, mwanamke akiingia mgodini ni mkosi."

Uso wa Ukaliq ukachangamka. "Kumbe nao wana miiko! Mimi nilidhani hawa hawana lolote wanaloliogopa. Mwambie nimemheshimu. Halafu mwambie mambo ya kike mimi yaliniisha siku nyingi, hata marehemu baba yako alilalamika."

"Mama, hilo sitalisema."

"Sema!"

Kupak akasema huku akitazama theluji. Ndevu alicheka mpaka barafu ikadondoka kidevuni. Akawaza kidogo, akamtazama yule mtoboaji wake, kisha akavua kofia yake ngumu akamvika bibi, na yeye mwenyewe akachukua nyingine ukutani.

Wakaingia kizimba cha chuma cha kuteremshia wachimbaji, kikashuka. Ukaliq alishika mkono wa mwanawe, na kwa mkono mwingine akashika kifua chake, palipokuwa na kitu alichokificha ndani ya koti la ngozi. Alitarajia baridi kali. Lakini kadiri walivyoshuka upepo ulikatika, kukawa na utulivu ambao hajawahi kuusikia. Huko juu ya nchi kuna siku zote kitu kinachovuma. Hapa hapakuvuma kitu.

Mlango ukafunguliwa, Ndevu akainua taa.

"Aa!" Ukaliq akasema, akasimama palepale.

Kuta zote zilikuwa zimeota jalidi. Pumzi za wanaume, tangu siku ya kwanza ya mgodi, zilikuwa zimeganda mwambani zikawa manyoya, manyoya marefu kama ya bata mkubwa, na kila moja lilishika mwanga wa taa na kuurudisha. Mbele yao chumba kilipanda juu, taa isifikie mwisho wake. Nyumba zote za mji zingeingia humo na mbwa wao. Mlima ulikuwa umetolewa matumbo, na ile ngozi yake bado imesimama.

Alitembea polepole akipapasa, kama anavyopapasa mnyama kabla hajamchuna.

"Vilivyotoka humu viko wapi?"

"Vilisagwa, mama. Meli ikaja kiangazi ikavipakia."

"Kwenda wapi?"

"Kwao."

"Sili mmoja hulisha nyumba zote za jirani. Huyu ni mkubwa hivi. Wamemla akina nani?"

Ndevu aliuliza bibi anasema nini, Kupak hakutafsiri.

Pale mashine ilipokuwa imetoboa, mwamba ulikuwa wazi, umelowa. Ukaliq akagusa, akaramba kidole. Akageuka ghafla.

"Chumvi!"

"Maji ya kawaida yanaganda kwenye mashine. Kwa hiyo tunatia chumvi."

"Mnampa chumvi?" Sauti yake ilishuka. "Mwanangu, wewe nani alikulea?"

Maana sili huishi katika chumvi maisha yake yote, na hujitoa kwa mwindaji kwa sababu ya kiu. Akishauawa, kabla kisu hakijamgusa, hutiliwa maji matamu mdomoni. Kupak mwenyewe alifanya hivyo tangu alipoua sili wake wa kwanza, na alipovaa kofia ya kampuni haikumpitia akilini hata mara moja.

Ukaliq akatoa kifuani chupa ndogo ya maji ya ziwani, vuguvugu kwa joto la mwili wake. Akajaza mdomo, akasogea kwenye tundu, akayaachia taratibu. Maji yaliingia ndani, yakateremka ukutani, na walipokuwa wakitazama yakaganda, yakawa kama kioo. Na nyuma ya kioo hicho madini yakang'aa manjano, mstari baada ya mstari, yakizama ndani kusikopimika. Ndevu alivua kofia, na nadhani hakujua kuwa ameivua.

Baadaye aliuliza kwa sauti ya chini, na Kupak akatafsiri: "Anauliza, sasa halitaanguka jiwe lingine?"

"Sikumwomba lolote," Ukaliq akasema. "Ametoa, amekunywa. Basi."

Jumatatu king'ora kililia. Siksik aliacha kukoroga, hakuthubutu kugeuka. Akasikia kitanda kinalia, na buti sakafuni.

"Chai yako hii hapa," akasema.

Kupak akaichukua, kisha akamsogezea chupa tupu. "Nijazie na hii. Maji ya ziwani."

"Chai haikutoshi?"

"Si yangu."

Siksik akamtazama mkwewe. Ukaliq alikuwa ameinamia ngozi yake, akitafuna. Basi akachota mpaka shingoni mwa chupa, na Kupak akaipachika kifuani, chini ya shati, akatoka.