Chachu Iliyomwagwa Mapema

Mkate wa nyumbani kwa Mama Cornelia, pale Izia, ulikuwa na kazi yake, si mchezo. Ngano ilitoka shambani kwake Mollo, na unga ulikandwa kwa mikono mpaka mkandaji alowe jasho. Chachu yenyewe, ya kimea cha ulezi, aliirithi kwa marehemu mama yake aliyewapikia mapadre misheni. Ilikaa kwenye chungu kidogo karibu na jiko, ikiongezwa unga kila jioni. Miaka ile ya foleni, watu wakikanyagana kugombea sukari, nyumba hiyo haikukosa mkate hata wiki moja.

Ila chachu hiyo ilikuwa na mwiko. Akifa mtu wa ukoo, popote alipo, chachu inamwagwa mlangoni siku hiyohiyo, na mpya haianzwi mpaka arobaini ipite. Mama Cornelia aliimwaga alipofiwa na mumewe, akaimwaga tena alipomzika binti yake mkubwa.

Basi, mwaka wa tisini na moja tumbo likamlaza hospitali. Epifania, binti aliyebaki naye, alikuwa akishinda huko. Asubuhi moja alichelewa kidogo, anakanda mkate wa kumpelekea mgonjwa, mara Josefina wa jirani huyo, mikono kichwani.

"Epi, pole mwenzangu! Mama ametutoka! Natoka wodini, kitanda kitupu, godoro limekunjwa!"

Jamani, Josefina! Mdomo hauna breki. Hakumuuliza nesi hata mmoja. Kaona godoro, kageuza. Epifania naye alipiga yowe, akajitupa chini, kisha akainuka, akachukua kile chungu na kukimwaga chote kizingitini kama alivyomwona mama yake akifanya. Na donge la unga alilokuwa akilikanda akawatupia kuku. Ndipo akakimbilia hospitali, akamkuta mama yake amehamishiwa wodi ya pili, ameketi, anakunywa uji.

"Mbona unahema hivyo? Kuna nini nyumbani?"

"Hakuna kitu, mama. Shikamoo."

Wiki iliyofuata daktari akamwita pembeni, akamwambia ampeleke mama nyumbani akapumzike. Epifania alielewa maana yake. Nyumbani mama akakataa uji, akakataa mchuzi, akawa anageukia ukutani tu. Siku ya nne akasema, "Nataka mkate. Mkate wetu."

Moyo ulimpasuka Epifania. Chachu mpya ingetaka siku kumi na zaidi, na mama hakuwa na siku kumi. Angemwambiaje mtu anayepumua kwamba alishamwondoa duniani? Akaenda sokoni. Tangu ruhusa ya biashara huria ije, madukani kulikuwa na kila kitu: sabuni za Zambia, vitenge, na hamira ya pakiti. Akanunua hamira. Akakanda mchana kutwa, akatia unga wa ulezi kidogo ili upate harufu, huku akimwomba Mungu mama asigundue.

Mkate uliumuka vizuri mno. Mama alimega kipande, akatafuna polepole, akaacha kutafuna.

"Huu si wetu."

"Wetu, mama. Ngano ni ileile."

"Epi. Chachu iko wapi?"

Epifania akainamisha kichwa. Uso wa mama ukabadilika, kipande kikamponyoka mikononi.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Usinifiche! Ni Polikarp, siyo? Mwanangu amezama!"

Polikarp ndiye mwanawe wa kiume pekee, mpakia mizigo kwenye boti za ziwani Kasanga, na miezi miwili alikuwa hajaja. Mama akaanza kulia kwa sauti nyembamba. Epifania angeweza kusema chungu kimevunjika. Neno lilikuwa ulimini tayari. Lakini mama asingeamini. Angekufa akimlilia mtu aliye hai.

"Ni wewe, mama," akasema. "Niliambiwa umekufa, nikaamini. Sikuja hata kukutazama kwanza. Nisamehe, mama yangu, nilikumwagia chachu ukiwa hai."

Mama alimkazia macho. Epifania akangoja laana.

"Mimi?"

"Wewe, mama."

"Polikarp mzima?"

"Mzima kabisa. Juzi dereva wa Kasanga kaleta salamu zake."

Mama akashusha pumzi ndefu, akaegemea mto.

"Asante Mungu," akasema. "Afadhali ni mimi."

Akakiokota kile kipande mapajani, akakila chote, kile kimkate cha hamira ya dukani, kisha akaomba kingine. Epifania hakuweza kujizuia tena. Alilala kifuani pa mama yake, akalia kilio kilekile cha msiba, na mama akawa anampapasa mgongo, akimwambia, "Pole, mwanangu. Pole sana kwa kufiwa."