Dakika Arobaini

Kuna watu ambao wakisikia honi ya treni huacha chakula mezani kikapoa. Hao walikuwa na chama chao, wanachama thelathini na wanane, na asubuhi hiyo wote walikuwa wamejazana katika mabehewa mawili ya zamani yaliyofutwa vumbi kwa ajili yao, wakipelekwa juu ya njia ambayo haikuwa imebeba abiria kwa miaka kumi na tisa. Ilikuwa njia ya mizigo. Ilishusha mawe kutoka machimboni hadi kiwanda cha saruji, basi. Daktari wa meno, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao, alikuwa ametoa kichwa dirishani, akitaja kila nguzo ya kilomita kwa sauti kana kwamba anaita mahudhurio.

"Mke wangu kaniuliza leo tunakwenda kuona nini," alisema mwanachama mmoja mnene. "Nikamwambia kokoto. Akasema, si ziko uani?"

Walicheka behewa zima. Bwana Dakika naye alitabasamu, maana mgeni hanuni mbele ya wenyeji wake.

Hakuwa mwanachama. Alikuwa stesheni masta mstaafu, umri wake miaka sabini na mmoja, goti lake la kushoto limeshagombana na ngazi. Jina la Bwana Dakika alipewa kazini, na wala hakulikasirikia. Alilivaa kama wengine wanavyovaa nishani. Chama kilimwalika kama mgeni wa heshima ili awaeleze njia ile, kwa kuwa alikuwa ameitumikia kwa miaka mingi. Alikubali siku hiyo hiyo. Walidhani ni mapenzi ya treni. Hawakujua kwamba alikuwa na ndugu huko mbele.

Kaka yake, fundi seremala, aliishi karibu na stesheni ndogo iliyofungwa zamani, katikati ya mlima. Barabara ya kwenda huko ilikatika daraja lilipochukuliwa na maji, na hakuna aliyelijenga upya. Kijana mwenye miguu angepanda kwa siku moja na nusu. Mwenye goti bovu angepanda kwa ndoto tu. Na huyo kaka naye hakuweza kushuka: miguu ilikuwa imevimba, moyo umechoka, na daktari wake alikuwa amemwambia binti wa mzee huyo, kwa sauti ya chini, kwamba mwaka huu wasiupangie mambo mengi.

Kwa miaka kumi na miwili ndugu hawa walikuwa hawajasemezana. Mama yao alipofariki, Bwana Dakika alikuwa peke yake kwenye stesheni ya makutano. Aliomba mtu wa kumpokea zamu. Mtu hakuja. Kanuni ilisema stesheni haiachwi bila mtu, naye alikuwa mtu wa kanuni. Kwa siku mbili alipitisha treni ishirini na mbili, hakuna iliyochelewa, na mama akazikwa bila yeye. Alipofika nyumbani akamkuta kaka yake mlangoni. "Shikamoo, kaka," alisema. Kaka alimtazama, akaingia ndani, akafunga mlango. Salamu ile haijajibiwa mpaka leo. Barua zilirudi. Simu ilipokewa na binti tu.

Binti huyo ndiye aliyehangaika. Aliposikia habari za treni ya chama, alimbembeleza baba yake jioni baada ya jioni, mpaka mzee akatoa sharti lake: "Akishuka hapa stesheni, akasimama mbele yangu, nitamwitikia. Kwa simu siitikii mtu shikamoo."

Na kushuka kwenyewe Bwana Dakika hakukutilia shaka. Njia ile ni moja. Treni ya mawe ikishuka imejaa haiwezi kusimama mlimani, kwa hiyo inayopanda ndiyo inayoingia njia ya pembeni kuisubiri, na mahali pa kusubiria ni stesheni ile ile ya kaka yake. Ratiba ya kazi ilisema dakika arobaini. Yeye mwenyewe aliwahi kuinakili ratiba hiyo kwa mkono wake. Miezi miwili nyuma, mwenyekiti alipokuwa akiandika maombi ya kibali na kuuliza, "Mzee wetu, kuna mahali popote ungependa tusimame?" alijibu kwa kiburi kidogo, "Treni haisimamishwi kwa sababu ya mtu, daktari. Husimama panapopaswa." Aliona haya kuomba kitu ambacho reli ingempa bila kuombwa.

Simu ililia saa nne kasoro robo.

"Baba mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika?"

"Tumefika zamani! Vijana wa jirani wamembeba na kiti chake. Amevaa shati jeupe. Tangu saa mbili anauliza, hiyo treni mbona haina haraka?"

"Mwambie imo ndani ya wakati. Nusu saa."

"Baba mdogo, amenyoa ndevu," binti alisema, akaanza kucheka, kisha kicheko kikawa kama si kicheko, akakata simu.

Bwana Dakika alitoa kitambaa akafuta viatu vyake ingawa vilikuwa safi. Ndipo gadi wa treni alipoingia kutoka behewa la mbele, kibuku chake, daftari la kumbukumbu za safari, kwapani. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, lakini alianza kazi akiwa mwanagenzi chini ya Bwana Dakika, na mpaka leo alimwita Mwalimu.

"Ndugu wanachama, habari njema!" gadi alitangaza. "Treni ya mawe imeharibikia ndani ya machimbo, haijatoka. Njia yote ni yetu. Hatusubiri mtu, tunapita moja kwa moja."

Behewa lililipuka kwa makofi. Mwanachama mnene alipiga mbinja. Daktari wa meno alimgeukia mgeni wake, meno yote nje. "Mzee wetu, umesikia? Tumeokoa dakika arobaini!"

Bwana Dakika alikuwa amesimama, mkono mmoja ameshika mgongo wa kiti. Alimfuata gadi mpaka kwenye kijia cha mlangoni, mahali ambapo kelele zilipungua.

"Hatuwezi kupita moja kwa moja," alisema.

"Tumepewa njia wazi, Mwalimu. Nimeisikia kwenye redio kwa masikio yangu."

"Nina ndugu yangu pale. Mgonjwa. Ananisubiri kwenye kiti."

Gadi alivua kofia. Bwana Dakika akamweleza, kwa maneno machache, jambo ambalo hakuwahi kumweleza mtu wa kazini. Alisema pia kwamba safari hii ni ya mzunguko. Baada ya machimbo treni itaingia njia kuu na kurudi mjini kwa upande mwingine. Hakutakuwa na kupita tena.

"Dakika moja," alisema. "Nishuke tu. Mniache huko huko."

"Nyuma yetu kuna kichwa cha treni kinakuja kuikokota ile mbovu. Tumepewa dakika za kuhesabu tuwe tumetoka kwenye kipande hiki. Na kibali hakitaji kituo pale, jukwaa limebomoka, abiria haruhusiwi kushuka." Gadi aliyasema haya huku akitazama sakafu. "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha. Uliniambia, huruma ya gadi ndiyo ajali ya kesho."

"Nilisema hivyo?"

"Ulituandikia ubaoni."

"Basi waulize. Uliza kwenye redio."

Gadi aliwauliza waongozaji wa treni. Sauti iliyorudi ilikuwa ya kijana, yenye adabu, isiyomjua mtu yeyote katika habari hii. Ilisema hapana. Gadi aliomba tena, akataja kwamba ni stesheni masta mstaafu. Sauti ikasema inamheshimu sana mzee, na hapana.

"Nitakalofanya ni hili," gadi alisema. "Nitamwomba dereva apunguze mwendo, na wewe usimame hapa mlangoni, upande wa stesheni. Dirisha hili linashuka. Mlango nimeufunga kwa ufunguo, Mwalimu, nisamehe. Nalijua goti lako na nakujua wewe."

Bwana Dakika alimpigia binti.

"Mwanangu, haitasimama."

"Nini hakitasimama?"

"Treni. Tunapita tu. Mwambie baba yako..."

Alimsikia binti akilisema jambo hilo, na kisha, kwa mbali, sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na miwili, nzito kuliko alivyoikumbuka: "Haitasimama kwa nini? Si reli ya kwao? Siku ile haikumruhusu kuja, leo haimruhusu kushuka. Mwambie akitaka itasimama."

"Umesikia, baba mdogo?"

"Nimesikia."

Siku zote nyumbani walidhani hivyo. Kwa ukoo mzima yeye ndiye alikuwa reli: mtu wa koti lenye vifungo vya shaba, anayeinua bendera na chuma chote kile kikatii. Wala hakuwahi kuwasahihisha. Lilikuwa jambo tamu kudhaniwa hivyo.

Treni ilipunguza mwendo. Wanachama, kwa kuwa ratiba yao ilisema stesheni kongwe, walihamia wote upande wa kulia na kamera zao, behewa likainama kidogo kwa uzito. Bwana Dakika alishusha dirisha la mlango. Kwanza likaja tangi la maji lenye kutu. Kisha ukuta, majani yameota juu yake. Kisha watu watatu wanne wamesimama, na mbele yao kiti cha mbao, cha kazi ya fundi anayejua kazi, na juu ya kiti, shati jeupe.

Alikuwa amekonda juu na kuvimba chini. Mikono ilikuwa juu ya magoti. Macho yalikuwa yakitafuta dirisha kwa dirisha.

Bwana Dakika alijaza pumzi. "Shikamoo, kaka!" alipiga kelele. "Kaka, shikamoo!"

Lakini dereva alikuwa ameambiwa na gadi kwamba pale pana ndugu wa mzee wa heshima, naye alikuwa mtu mwema. Akaona ampe heshima zake. Akapiga honi, ndefu, yote aliyokuwa nayo, na wanachama wakashangilia na kuinua vinasa sauti vyao. Honi ile ililijaza bonde. Bwana Dakika hakuisikia sauti yake mwenyewe.

Juu ya mlango, kwenye kijisanduku chekundu, kulikuwa na mkono wa breki ya dharura. Katika miaka thelathini na mitano ya kazi alikuwa ameandika ripoti za watu walioivuta, mlevi mmoja, mama mmoja aliyesahau mzigo, na wote aliwapeleka mbele ya sheria. Aliinua mkono wake wa kulia akaushika.

"Mwalimu, usiniponze!" gadi alisema nyuma yake.

Akavuta.

Mkono ule ulishuka laini kama wa mlango wa kabati. Hakuna kilichotokea. Akaurudisha juu, akavuta tena, na tena. Waya wake ulikuwa umeshakatika, pengine miaka mingi huko yalikokuwa yamelala mabehewa, na waliofuta vumbi walifuta na kijisanduku bila kukifungua. Magurudumu yaliendelea kuzunguka kwa utulivu. Kiti cha mbao kilipita mbele yake, karibu kiasi cha kuona vifungo vya shati, kikabaki nyuma, kikawa kidogo, kisha kona ikakimeza.

Gadi alikuwa ameegemea ukuta, jasho limemtoka. Aliushika mkono wa breki, akauchezesha, akauona unavyoning'inia.

"Andika," alisema Bwana Dakika. "Andika kwenye kibuku. Saa, kilomita, kwamba mimi nimeivuta na haikushika. Andika jina langu."

"Wataniuliza nani alikagua mabehewa kabla ya kuondoka." Gadi alitazama kijisanduku. "Niliweka sahihi mimi. Nilivuta ile ya behewa la kwanza tu. Mwalimu, nina miaka mitano nistaafu."

Gadi akafungua kibuku juu ya goti, akaandika kwa ule mwandiko mnyoofu ambao Bwana Dakika alimfundisha kwa rula na kalamu ya risasi: stesheni imepitwa saa nne na dakika kumi na nane, njia wazi, hakuna tukio. Mzee alisoma mpaka nukta ya mwisho. Alitaka kusema neno, lakini kila neno alilokuwa nalo kuhusu wajibu alikuwa amekwisha kulisema zamani, ubaoni.

Simu ilitetemeka. Mtandao ulikuwa mstari mmoja.

"Mwanangu?"

Haikuwa sauti ya binti. Kulikuwa na pumzi tu, za mtu anayepumua kwa kazi.

"Kaka," alisema. "Kaka, shikamoo."

Pumzi ziliendelea. Bwana Dakika alibana simu sikioni, macho ameyafumba.

"Nimekuona," alisema kaka yake. "Umeinua mkono. Umenipungia kama waziri."

"Hapana, kaka, sikukupungia, nilikuwa navuta breki, breki haikuwa..."

"Mara tatu umenipungia. Watoto hapa wamekupungia pia. Basi."

"Kaka, nisikilize. Ilikuwa breki!"

"Breki," kaka alirudia taratibu, kama mtu anayekagua ubao na kuuona umepinda. "Na mbona treni haikusimama?"

Treni iliingia kwenye mkato uliochongwa mlimani, kuta zikapanda pande zote mbili, na mstari ule mmoja ukazimika. Bwana Dakika aliendelea kueleza kwa muda, habari za waya, habari za kichwa kilichokuwa kinakuja nyuma, mpaka gadi alipomgusa bega. Mlango wa ndani ukafunguka, na daktari wa meno akachungulia, uso unang'aa kwa furaha.

"Mzee wetu, njoo, wanachama wanakusubiri! Wanataka kujua ile stesheni ilijengwa mwaka gani."

Bwana Dakika alitia simu mfukoni, akashika mgongo wa kiti cha kwanza, akaenda kuwaambia.